Kaskazi yote najifunika blanketi. Ni thairoidi hii? Nipime nini?

FundiBuibui, Majengo

Assalam aleikum nduguzanguni. Mimi ni fundi wa mabuibui, nashonea nyumbani, na mwili wangu siuelewi tena. Mji mzima unalia joto, watu wanalala barazani, lakini mie nikipigwa na feni nainuka kuizima. Mume wangu akiiwasha tena navuta blanketi. Watoto wanacheka.

Kuna na mengine. Uso hufura asubuhi, hasa chini ya macho. Ngozi ya miguu imekauka hata mafuta ya nazi hayasaidii. Choo cha kubahatisha, hedhi nzito kuliko zamani. Nimenenepa, na wali ninaokula haufiki nusu ya anaokula mwanangu. Nyusi zimepukutika upande wa nje, namalizia kwa wanja. Na sauti! Wateja wapya wakipiga simu huniita kaka. Mwanzo nilicheka, sasa sicheki. Usingizi ndio usiseme, nasinzia na mguu uko kwenye cherehani.

Nilikwenda zahanati moja, nikapimwa malaria na wingi wa damu. Malaria hakuna, damu imepungua kidogo, nikapewa vidonge vya kuongeza damu na kuambiwa nipunguze mawazo. Mawazo gani? Mawazo yangu ni Idi yaja na vitambaa vya watu vimelala mezani.

Mamangu mdogo alipasuliwa rovu zamani, kwa hivyo habari za thairoidi, hiyo tezi ya shingoni, si ngeni kwetu. Nikifika maabara niseme nataka kipimo gani hasa? Nikisema tu "nipimeni thairoidi" nahofia wataniuzia kila walicho nacho. Na kama kuna njia ya asili ningependa kuanza nayo kabla sijafungwa na kidonge cha maisha. Jirani ameniletea unga wa mwani kutoka Kwale, asema umejaa iodini. Habasoda na asali natumia tayari. Wengine wanasema niache muhogo. Muhogo wa nazi, jamani?

MamaKaimati, Tudor

Waaleikum salaam shoga yangu. Ulipofika kwenye nyusi na sauti nimejiona mwenyewe, kabla sijampata kitinda mimba wangu.

Sisemi unayo, upimwe kwanza. Yangu mimi ilikuwa kinga ya mwili kuishambulia tezi. Wanaiita Hashimoto, jina la daktari Mjapani aliyeieleza mwaka 1912. Nilikunywa majani ya kila namna na tezi haikujali. Kidonge chenyewe, levothairoksini, ni homoni ileile ya T4 ambayo tezi yako ingetoa, ila imetengenezwa kiwandani. Na hiyo inayouzwa mtandaoni kwa jina la "thairoidi ya asili", soma maandishi madogo. Mara nyingi ni tezi ya nguruwe iliyokaushwa. Nilipojua nilitema mate.

Ukiandikiwa, jua kina masharti. Mie nameza kabla ya alfajiri kwa maji matupu, naswali, natandika, ndipo nakunywa chai, isipungue nusu saa. Hivyo vidonge vyako vya damu viache mbali nacho kwa saa 4, na vya kalisi vilevile, maana huizuia dawa isiingie mwilini. Ramadhani daktari alinihamishia usiku, saa kadhaa baada ya futari. Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8 ndipo dozi irekebishwe, usitazamie muujiza wiki ya kwanza. Kwangu baridi iliondoka mapema, nywele ndizo zilizonisumbua kurudi. Na ukishika mimba mwambie daktari mara moja, dozi huhitaji kupanda.

MtuWaMaabara

Mie ni wa maabara, si daktari. Dada, omba TSH pamoja na T4 huru. Kwa kuanza hivyo vyatosha.

TSH ni homoni inayoiamrisha thairoidi kufanya kazi. Haitoki kwenye thairoidi yenyewe, yatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo iitwayo pituitari. Thairoidi ikilegea TSH hupanda, kama mnyapara anayezidi kupaza sauti kwa kibarua asiyesikia. Kwa mtu mzima kawaida huwa kati ya 0.4 na 4 hivi, lakini fuata kiwango kilichochapishwa kwenye karatasi ya maabara uliyopimwa. TSH ikiwa juu ndipo hupimwa kingamwili za TPO, kujua kama ni hiyo Hashimoto. T3, homoni nyingine ya tezi, haikufai sana hatua hii, na picha ya shingo ni kama kuna uvimbe.

Mbona T4 pia? Nikuulize: ulipojifungua mara ya mwisho ulitoka damu nyingi mno? Maziwa yalitoka? Mama aliyevuja damu sana anaweza kuumia pituitari, TSH ikasoma kawaida na huku T4 iko chini. Mwenye TSH pekee mkononi ataambiwa ni mzima. Kama ni wewe, mweleze daktari, maana itabidi apime na kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, kabla ya kukuanzishia homoni.

Vitamini za nywele pia, waangalieni. Zina bayotini nyingi, aina ya vitamini B, na kwenye mashine nyingine huifanya TSH isome chini kuliko ilivyo. Ziache siku 2 au zaidi kabla ya kupimwa.

Na ile damu pungufu isishughulikiwe peke yake. Tezi ikilegea yaweza kupunguza damu, na hedhi nzito nayo humaliza chuma.

DukaLaMarikiti

Mimi nauza habasoda, ubani, mdalasini na ndugu zake, kwa hivyo biashara yataka nikuuzie. Lakini mwani uweke kando, dada yangu. Kina mama wa Kibuyuni wanaulima vizuri sana, ila iodini yake huwezi kuipima kwa kijiko, na iodini ikizidi huweza kuizidisha tezi ulegevu, hasa yenye Hashimoto. Chumvi ya Kenya hutiwa iodini kwa sheria, na samaki hapa pwani tunakula. Unaitakia nini zaidi?

Muhogo kula. Una kitu kinachozuia tezi kuchukua iodini, lakini kinawaumiza wanaokosa iodini na kuushindia muhogo kila siku. Upike uive vizuri. Kabichi na sukuma hivyohivyo. Habasoda endelea nayo ukipenda, ila usiipe kazi ya homoni. Na mganga yeyote atakayekwambia uache dawa ya daktari ili aanze yake, muage.

FundiBuibui, Majengo

Allah awalipe. Vitamini za nywele ninazo, tena kopo kubwa! Nimezisitisha leo. Uzazi haukuwa na taabu, maziwa yalijaa mpaka nikampa na mtoto wa wifi yangu. Mwani nitautia kwenye singo, jirani asione nimemdharau. Jumatatu naenda. Nifunge kula?

MtuWaMaabara

Si lazima. Nenda asubuhi, TSH hushuka mchana. Ukija kurudia, nenda saa zilezile na maabara ileile ili namba zilinganishwe. Unywe maji, mshipa upatikane upesi.