RE: Jiko la akina mama: tusajili cheriti au kampuni?

Habari zenu ndugu,

Tupo akina mama saba hapa Leicester, Uingereza. Tunapika pilau na sambusa za shughuli, na tunawafundisha kazi hiyo dada waliofika karibuni. Wanne kati yetu wanataka cheriti, yaani shirika la hisani, watatu wanataka kampuni. Tunakutana Jumamosi. Tushaurini.

---

Dada, salaam.

Kabla ya kubishania usajili, fungueni daftari la mwaka jana. Katika kila pauni 100, ngapi zililetwa na sahani mlizouza, na ngapi ni za waliowachangia tu?

Sisi tulikimbilia cheriti kwa sababu jina lilitupendeza. Michango ilikuja kweli: mlipa kodi akitoa pauni 1, kwa Gift Aid serikali inaongeza peni 25. Lakini mwenzetu aliyekuwa jikoni tangu alfajiri alikuwa pia mdhamini, yaani mmoja wa bodi inayoiongoza cheriti, na mdhamini wa cheriti kwa kawaida halipwi. Kumlipa kulihitaji katiba iruhusu au Tume ya Cheriti itoe kibali. Akijitoa kwenye udhamini, jiko alilolianzisha linaamuliwa na wengine. Alilia siku ile, na hadi leo inaniuma.

Kwa hiyo someni habari za kampuni ya manufaa ya jamii, ile CIC, iliyopo tangu 2005. Mkurugenzi anaweza kulipwa mshahara wa haki. Faida inatozwa kodi kama ya kampuni yoyote, na Gift Aid hampati. Mali inafungwa: mkivunja kampuni, majiko na akiba haviendi nyumbani kwa mtu, vinakwenda kwa chombo kingine chenye kufuli kama hilo. Na kila mwaka mnaandika ripoti ya jinsi jamii ilivyonufaika, ambayo yeyote anaweza kuisoma.

Iko ya hisa, ambayo gawio lake kwa wenye hisa binafsi halizidi asilimia 35 ya faida inayogawika, na iko ya dhamana, isiyo na hisa kabisa, ambayo wanachama huahidi tu kuchangia kiasi kidogo ikivunjwa na madeni. Ningekuwa ninyi ningechukua ya dhamana. Ila fikirini sana, maana ukishaingia CIC hurudi kuwa kampuni ya kawaida.

Kama kuna mama aliyeweka akiba yake na anataka irudi na faida, aseme mapema. Hilo si dhambi. Sajilini kampuni ya kawaida, na msaada kwa dada wageni utoke humo.

---

Naongeza moja, dada. Kama sehemu ya fedha mnapeleka nyumbani, nchi tulikotoka, iandikeni tangu kwenye maelezo ya usajili, na anayepokea kule awe kikundi kilichosajiliwa. Msitumie simu ya shangazi, hata kama mnamwamini.

---

Ahsanteni sana, kaka na dada. Nimekesha na daftari. Pauni 81 katika 100 ni sahani, 14 ni michango. Zilizobaki 5 hazina maelezo, kesho namuuliza mhazini.