Naomba ushauri: wageni wa kipindi cha mapishi ya Idi redioni

Assalaam alaykum ndugu zangu, na habari zenu nyote.

Naandaa kipindi cha moja kwa moja kwenye redio ya jamii hapa Tanga, usiku wa kuamkia Idi el-Fitri, saa 3 hadi saa 5. Msikilizaji anapiga simu sufuria ikiwa jikoni, mgeni anamsaidia papo hapo.

Wageni ninao wawili. Mmoja ni mama anayepika pilau za shughuli miaka mingi, mkono wake unajulikana mtaa mzima. Mwingine ni mpishi wa hoteli. Tulipofanya jaribio nikamuuliza mama: pilau imezidi maji, nifanyeje? Akajibu vizuri sana, funua kidogo, punguza moto chini, palia makaa juu ya mfuniko. Kwa muda gani? "Utaona mwenyewe." Redioni hakuna kuona! Mpishi wa hoteli naye anataja gramu na nyuzi za oveni, wakati wasikilizaji wetu wengi wanatumia jiko la mkaa. Nilimpa mama kikombe cha kupimia, akakiweka pembeni, na sitaki kumlazimisha maana utamu wake uko kwenye yale maneno yake.

Halafu kuna mwezi: ukiandama siku ya 29 au tukitimiza 30, hatujui mapema.

Waliowahi kuendesha vipindi hivi, nimwulize vipi mama ili "kiasi" chake kimfikie mwenye kilo 2 za mchele? Na wageni niwaombe usiku wote miwili, au nitafute wa akiba?