Mdogo wangu anatibiwa zinaa kila mara na haponi. Naomba ushauri (Pemba)

Binti Bonde:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika kwa ajili ya mdogo wangu, tuko naye huku Wete, ana mume na mtoto mmoja anayenyonya. Tangu mwaka jana anatokwa na uchafu, tumbo la chini linamvuta, na akilala na mumewe huona damu. Kituo cha afya wakamwambia ni maradhi ya zinaa. Wamekunywa dawa wote wawili, akapata nafuu kidogo, kisha yale yale. Kaenda kwengine, sindano na vidonge, bado. Mkojo umepimwa ukaonekana safi.

Sasa shemegi anauliza, "Mie sitoki nje, haya yanatoka wapi?" Mama mkwe naye keshatia lake. Mdogo wangu nimemlea mie, namjua. Analia usiku mtu asimsikie.

Sisi ni watu wa bonde la mpunga. Mtoni ndiko tulikofua na kuoga tangu wadogo. Nalitaja kwa sababu juzi mwanangu wa kiume, yuko skuli ya msingi, nimeona mkojo wake unamalizikia na damu. Aende wapi huyu mdogo wangu, na akifika aseme nini?

Mpemba wa Dar:
Pole sana dada. Bibi yetu alikuwa akiwafukiza wanawake kwa mwarobaini na kuwaosha kwa maji yake, wengi wakishukuru. Jaribuni huku mnatafuta daktari.

Mkunga wa Zamani:
Waalaykum salaam. Mpemba wa Dar, najua nia yako ni njema, lakini asijifukize wala asijioshe ndani kwa kitu chochote. Nyama ya pale tayari ina vidonda, utazidi kuichubua.

Binti Bonde, hilo la mtoni ulilolitaja mwisho ndilo ningelianza nalo. Kichocho chetu cha Unguja na Pemba ni kile cha mkojo. Kijidudu kinatoka kwa konokono wa maji baridi, kinapenya ngozi ya mtu aliyeingia mtoni au bondeni. Minyoo ikishakomaa inakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu na kutaga mayai. Watu wengi wanajua mayai yale hutoboa kibofu ndipo mtu akakojoa damu. Wasichoambiwa wanawake ni kwamba mayai hayo hayo hunasa kwenye uke na mlango wa kizazi. Hapo ndipo unapata uchafu, maumivu, damu baada ya tendo la ndoa, na wengine kukosa ujauzito. Dawa ya zinaa haiui minyoo, kwa hiyo haponi. Na mkojo safi hauondoi shaka, maana mayai yanaweza kuwa yamenasa nyamani bila kutoka na mkojo.

Akifika aseme kwa mdomo wake: "Nimekulia mtoni, naomba niangaliwe mlango wa kizazi." Mtaalamu akiangalia huweza kuona mabaka yenye punjepunje za manjano, mfano wa mchanga uliogandia nyamani. Na lazima apimwe saratani ya mlango wa kizazi siku hiyo hiyo, kile kipimo cha siki, kwa sababu damu baada ya tendo la ndoa haiachwi hivi hivi hata kama kichocho kimeonekana.

Ua la Asumini:
Dada, mie yalinikuta. Nilitibiwa zinaa mpaka nikawa naona haya kumtazama mume wangu usoni. Nilipopewa prazikwantel, ile dawa ya kichocho, maumivu yalipungua, ingawa uchafu ulichukua muda. Mwambie asikate tamaa akiona hajapona wiki ile ile.

Mkunga wa Zamani:
Kweli kabisa. Dawa inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inabaki, ndiyo maana mara nyingi hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Makovu ya zamani nayo hayafutiki upesi. Dawa hupimwa kwa uzito wa mtu: mtu wa kilo 60 hupewa vidonge 4 vya miligramu 600. Ale kwanza, tumbo tupu litamtia kichefuchefu. Kunyonyesha si kizuizi, ila awaambie.

Nahodha Tumbe:
Mie nazungumza kama mwanamme. Shemegi asiletewe habari hizi na mashemegi, atadhani anafunikiwa kombe. Aende naye, aingie chumbani, asikie kwa daktari kwamba kichocho hakiambukizwi kitandani na kwamba mkewe huenda alikipata akiwa mtoto wa skuli. Halafu apimwe na yeye, kwani naye si kalima mpunga?

Binti Bonde:
Allah awalipe kheri. Nimemsomea maneno ya Mkunga, kalia tena, safari hii kwa kupumua. Shemegi nimempa simu asome mwenyewe. Kanyamaza, kisha kauliza tunakwenda lini. Tunafikiria hospitali ya Chake Chake. Na huyu mwanangu je? Wazee wanasema ni dalili ya kukua. Vidonge vya skuli alikunywa.

Mkunga wa Zamani:
Si kukua, ni maradhi, na tuache kuwaambia watoto hivyo. Vidonge vya skuli vilimpunguzia minyoo siku ile, havimkingi akirudi kuogelea. Mchukue pia. Mkojo wake utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi, na wasiache matone ya mwisho. Hapo Wawi, nje kidogo ya Chake, ipo maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, tangu mwaka 2000, na kichocho ni kazi yao ya miaka mingi. Hospitali wakikwama kwenye kipimo, waulizeni kuhusu huko. Dada zake wa nyumba hiyo hiyo nao wapimwe, hata kama hawalalamiki.