Mrejesho: Kijijini Umbria, nimeanza kuzoea

Wapendwa, habari za siku. Mwezi wa tisa niliwaomba ushauri: nimemfuata mume wangu Italia, kijijini Umbria, sina gari, lugha sijui, na upweke unanimaliza. Asanteni sana mlionijibu.

Aliyesema nianze kwa kujiandikisha ukaazi manispaa alinisaidia mno. Askari wa manispaa alikuja kuhakikisha kweli naishi hapa, akatazama jina kwenye kengele ya mlango, akaondoka. Baada ya hapo nikapata kadi ya afya na daktari wa familia.

Na wewe dada uliyeniambia nikawasaidie majirani kuchuma zeituni, Mungu akubariki. Novemba tulitandaza nyavu chini ya miti, tukawa tunachana matawi kwa reki ndogo za mkono, zeituni zinadondoka kama mvua ya mawe. Bibi jirani alinipa chupa ya mafuta mapya, ya kijani kabisa, yanawasha kooni. Siku hizi ananiita kunywa kahawa, na Kiitaliano nimekipata jikoni kwake kuliko darasani.

Leseni ya udereva ndiyo bado. Ya Tanzania huku haibadilishwi, lazima ufanye mtihani kwa Kiitaliano: maswali 30 ya kweli au si kweli, ukikosa zaidi ya 3 umefeli. Nilikosa 5, narudia karibuni. Kwa sasa napanda basi la asubuhi pamoja na wanafunzi, na dukani nawahi kabla ya saa saba mchana, maana wakifunga ni mpaka jioni.