Eagles ya Perth imeshinda mechi moja tu hadi sasa: wapangwe madogo au wakongwe wabaki?

Mbezi_wa_Perth

Habari za asubuhi wakuu. Najua humu ni Simba na Yanga kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane ila leo mnivumilie, nina donge. Mimi nilisoma Perth miaka minne, nikarudi Dar na cheti pamoja na ugonjwa mmoja unaitwa West Coast Eagles, timu ya footy, ule mpira wao Waaustralia wa kushika kwa mikono na kupiga kwa miguu. Kwa msioujua ni hivi, watu 18 kwa 18, uwanja wa duara mkubwa balaa, mpira wenyewe una umbo la papai, nguzo nne, ukipitisha katikati pointi 6, ukipitisha pembeni kidogo unapewa 1 kama pole.

Sasa msimu huu wa 2025 tuna kocha mpya, Andrew McQualter, na hadi leo mwanzo wa mwezi wa sita tumeshinda MOJA. Moja tu. Ile ya St Kilda katikati ya mwezi wa tano, siku hiyo nilitoka nje nikamnunulia soda fundi wa baiskeli wa mtaani akaniuliza kulikoni nikamwambia we kunywa tu. Zingine zote kipigo. Na tumeshazoea, maana 2023 Sydney walitutandika 205 kwa 34, hapo hujasoma vibaya mkuu, mia mbili na tano.

Kinachoniuma si kufungwa, ni upangaji. Alhamisi majina yanatoka, huku kwetu inakuwa saa tano na ushee mchana, naacha kazi naingia kwenye simu kuangalia nani kaingia nani katoka, na kila wiki ni kupangua. Dogo anaingia, anacheza robo mbili, yaani nusu mechi, hajapata mpira, wiki inayofuata yuko timu B kule WAFL, ligi ya mkoa, afu anarudishwa kwa sababu mwingine kaumia. Hii ni kama mtu anayepika wali anafunua sufuria kila dakika mbili afu analalamika hauivi.

Swali langu: nyie mngekuwa kocha, mngefanyaje? Waendelee kupangwa kina Jamie Cripps na Tim Kelly ambao wanaijua kazi ila miaka imeenda, au wawekwe pembeni na madogo wapewe msimu mzima wafungwe wakijifunza? Na hili lingine, kapteni mwenza Oscar Allen alikutana na kocha wa Hawthorn katikati ya msimu, ikavuja, akaomba radhi. Mkataba unaisha. Mtu ambaye yuko mlangoni unampanga kweli na kuna dogo mrefu anasubiri namba hiyohiyo?

Mnyama_Damu

Mkuu kwanza pole. Pili sijawahi kuona hilo jambo la kukosa goli ukapewa pointi, Simba tungekuwa tumechukua ubingwa miaka yote hii 😂

Ila nikujibu serious. Sisi mwaka jana dirisha la usajili tulijaza sura mpya karibu timu nzima, watu wakasema kocha Fadlu ataua timu, mechi za mwanzo kila mtu humu alikuwa kocha. Matokeo yake mwezi uliopita tuko fainali ya Shirikisho na Berkane. Sema kule Morocco tulipigwa 2-0 halafu Amaan ikawa 1-1, sawa, lakini fainali ni fainali. Siri ni nini? Wale wageni walipangwa pamoja mpaka wakazoeana. Si leo wewe kesho yeye. Kwa hiyo mimi nakuunga mkono hapo kwenye sufuria.

Swali langu mimi: timu inashinda moja msimu mzima na bado ipo ligi kuu? Hamshuki daraja?

Jangwani_Original

Mnyama fainali mmerudi na nini? Nauliza tu kwa niaba ya kabati.

Mbezi_wa_Perth

Jangwani usiharibu uzi wangu, derby yenu wenyewe imeahirishwa tangu tarehe 8 mwezi wa tatu na hakuna aliyefungwa wala kufunga, tulieni.

@Mnyama_Damu hakuna kushuka mkuu. Timu 18, ni hizohizo mwaka hadi mwaka. Badala ya kushuka kuna drafti, yaani vijana wote wazuri nchi nzima wanapangwa kwenye foleni na aliyeshika mkia ndo anachagua wa kwanza. Sisi 2023 tulishika mkia tukampata Harley Reid, dogo mmoja ana mabega kama mlango wa kontena. Huyo hatumgusi, hata kocha akichanganyikiwa huyo anacheza.

BintiKigamboni

Subirini kwanza. Kwa hiyo kuburuza mkia kuna zawadi? Basi si kocha anaweza tu kupanga watoto makusudi afungwe achukue mtoto mwingine bora zaidi? Hiyo si ni upangaji wa matokeo jamani

Mtu_wa_Kiwandani

Dada umegonga palepale. Hilo limeshatokea, au niseme limeshachunguzwa. Timu ya Melbourne msimu wa 2009, ilikuwa inapanga watu namba ambazo si zao, mabeki mbele, washambuliaji nyuma, na kufungwa ikafungwa. Uchunguzi ukaja kumalizika 2013, hawakukutwa na hatia ya kufungwa makusudi lakini klabu ikapigwa faini ya dola 500,000. Yaani hujaiba ila lipa.

Mimi huu mchezo niliujulia mgodini huko kanda ya ziwa, nilikuwa fundi mitambo, mabosi wa zamu walikuwa Waaustralia. Muda wa chakula walikuwa wanatoa lile papai wanapigiana kwenye vumbi nje ya karakana, na sisi tukaingizwa. Cha kwanza utakachogundua ni kwamba huo mpira hauna adabu, ukidunda unaenda anakotaka mwenyewe kama kuku uliyemkosa siku ya sikukuu. Cha pili ni uzito wa wale watu. Kuna jamaa mmoja alinikumba tu bega kwa bega, kwa utani, nikakaa chini nikawaza wanangu. Na huyo alikuwa mhasibu.

Nalileta hilo kwa sababu ndipo hoja yangu ilipo. Watu wanaposema panga madogo wote wanasahau ni mchezo wa miili. Dogo wa miaka 18 ana kilo zake 75 unamweka katikati na majitu yamekula gym miaka kumi, na hakuna mkubwa wa kumfungulia njia, huyo hajifunzi mpira, anajifunza kuogopa. Angalia North Melbourne. Wamejaza madogo wee, mkia 2021, mkia 2022, 2023 wakafungwa mechi 20 mfululizo, na yule namba moja wao wa drafti ya 2021, Jason Horne-Francis, alikaa mwaka mmoja akaomba kuondoka akaenda Port Adelaide. Sasa umepata nini? Umelea mtoto wa jirani.

Na klabu yako yenyewe Mbezi ilishachagua upande. Mwaka jana walikuwa na namba 3 ya drafti mkononi, wakaiachia Carlton, wakapata Liam Baker na Matt Owies na namba 12 kurudi. Jack Graham naye akatoka Richmond. Baker na Graham wana ubingwa mfukoni. Hao ni watu wa kazi, wameletwa ili madogo kina Bo Allan wawe na mtu wa kumwangalia. Huwezi kununua mwalimu kwa bei hiyo halafu useme darasa lijifundishe lenyewe.

Mbezi_wa_Perth

Hoja nzito mzee nakubali nusu. Lakini Hawthorn mwaka jana tu hapa! Wamefungwa mechi tano za mwanzo, tano mfululizo, kila mtu akasema kocha wao Sam Mitchell kwisha habari yake, jamaa akakomaa na madogo wake walewale, kina Nick Watson kale kafupi kanakoruka kama panzi, wakamaliza wa 7, wakaingia fainali, wakampiga Western Bulldogs, wakaja kutolewa na Port Adelaide kwa pointi 3. TATU. Angeogopa baada ya mechi ya tano akarudisha wazee tusingeona hayo.

Mtu_wa_Kiwandani

Hawthorn walikuwa na wakongwe, Sicily nyuma na Gunston mbele, we unahesabu Watson peke yake. Ndo kilekile ninachosema. Nguzo zilikuwepo, wakapaua.

BintiKigamboni

Hivi kuna watu wa huku kwetu wanacheza huo mchezo au ni wazungu watupu?

Mtu_wa_Kiwandani

Wapo dada. Aliir Aliir wa Port Adelaide kazaliwa Kakuma, ile kambi ya wakimbizi ya Kenya, wazazi Sudan Kusini. Beki, anaruka mpaka unaona nyayo. Mwaka 2021 aliingia kikosi bora cha nchi nzima. Na hao hao Hawthorn wa mwaka jana walikuwa na Mabior Chol, alipita Richmond akapita Gold Coast, huko kote hajatulia, timu ya tatu ndo akapata kocha aliyemwambia hii namba ni yako kaa hapa.

Docker_Temeke

Nilikuwa nasoma kimyakimya ila siwezi kuvumilia. Mimi ni Fremantle, yaani Dockers, majirani zenu wa Perth hiyohiyo, na naona mnabishana wee madogo au wazee kama nchi nzima ina umri wa aina mbili tu. Mnasahau kundi la katikati, wale watu wazima wanaocheza ligi za mikoa huku wanafanya kazi zao za kawaida, hawakuchaguliwa wakiwa na miaka 18 wakasahaulika. Marlion Pickett mnamkumbuka? Alikuwa South Fremantle, hapo hapo chini ya pua zetu Eagles na Dockers wote, hakuna aliyemtaka, Richmond wakaja kumchukua drafti ya katikati ya msimu 2019 na miaka yake 27, na mechi yake ya kwanza kabisa, ya KWANZA, wakampanga fainali kuu. Mbele ya watu laki moja uwanja wa MCG. Wakachukua ubingwa kwa tofauti ya pointi 89. Huo ndo upangaji bwana, kocha anayeangalia mtu anafanya nini na sio cheti cha kuzaliwa.

Na nyie wiki iliyopita tu mmechagua wa kwanza kwenye drafti hiyohiyo, mmemchukua Tom McCarthy kutoka South Adelaide, mtu mzima wa miaka 24. Mpangeni. Asikae wiki nne WAFL kuzoea hali ya hewa. Timu B yenu yenyewe kila nikiicheki inachapwa, mtu atazoea nini pale, kuchapwa?

(Msinielewe vibaya, sitaki mshinde.)

Mnyama_Damu

Docker umeongea kiutu uzima. Hiyo ya mechi ya kwanza fainali kuu imenisisimua aisee, huku kwetu kocha akifanya hivyo na timu ikafungwa anaondoka uwanjani kwa difenda.

Mbezi_wa_Perth

Aisee sikumfikiria McCarthy kwa namna hiyo kabisa, nilikuwa nimemhesabu kama kiraka tu. Docker nakuchukia ila asante.

Haya mimi nimekaa nimeandika kwenye karatasi, beki wetu McGovern hayupo kwa sababu ya yale mambo ya kugongwa kichwa kwa hiyo nyuma tumebaki wazi, basi McCarthy aanzie nyuma, apewe mechi sita bila kuguswa hata akipitwa kama nguzo ya umeme. Reid katikati, mwiko kumtoa. Baker na Graham kila wiki, hapo mzee wa kiwandani umenishinda. Kelly abaki, ila Cripps awe anabadilishana na dogo mmoja, tena dogo ajue mapema wiki zake ni zipi asilale na presha ya alhamisi. Na Allen... Allen hapo bado nimekwama. Moyo unasema mtu aliyeomba radhi mbele ya kamera apewe heshima yake. Akili inasema Jobe Shanahan ni mrefu, ana miaka yake kumi na kitu, na mwakani huyo ndo atakuwepo.

Mtu_wa_Kiwandani

Panga wote wawili. Mmoja akimvuta beki mkubwa mwingine anapata mdogo. Dogo atajifunza kwa anayeondoka, kuna ubaya gani, mpishi akiacha kazi si anamwachia mwingine mwiko.

BintiKigamboni

Kaka Mbezi ile jezi yao ndo unayovaaga ile isiyo na mikono bluu na njano? Nilikuona feri jumamosi moja, konda alikuwa anakuuliza hiyo timu ya basketi ya mkoa gani 😂😂

Mbezi_wa_Perth

Dada kumbe ulikuwepo! Nilimwambia ya Perth, akasema aah Pwani 😩

Wikendi hii bando ninalo la kutosha, mechi hizi zinakula GB kama mchwa maana ni saa mbili na nusu nzima. Mwenye kutaka kuja karibu Mbezi, kuna chai na mihogo. Kikosi kikitoka alhamisi nakibandika hapahapa, kama McCarthy hayumo naomba mtu yeyote asinipigie simu mpaka saa kumi.

Jangwani_Original

Mihogo ya kukaanga au ya kuchemsha?