Naomba ushauri: mito inanihama kwenye ramani ya ulimwengu wangu

Habari zenu ndugu zangu. Niko Jinja. Kila Jumamosi jioni tunakutana watu watano kucheza mchezo wa kuigiza wahusika. Msimulizi ni mimi, na ulimwengu tunaouchezea naujenga mwenyewe.

Natumia Azgaar, ile programu ya bure ya kutengeneza ramani inayofunguka kwenye kivinjari. Mabara na mipaka inatoa haraka. Shida ni mito. Nataka nchi inayofanana na hii yetu: ziwa kubwa lenye mto mmoja tu unaotoka, kama Nile inavyotoka hapa, halafu maji yote yabanwe kwenye mwanya wa mita 7 hivi kama pale kwenye maporomoko ya Murchison. Lakini nikiinua ardhi kidogo tu kwa brashi, mto unahama, na mji wangu wa bandari unabaki nchi kavu! Wachezaji wameuzoea mji huo, wana nyumba na madeni humo. Siwezi kuufuta.

Juzi umeme ulikatika kabla sijahifadhi faili, kazi ya usiku mzima ikapotea. Iliniuma sana.

Je, nitoe ramani kama SVG (faili ya mchoro unaoweza kuhaririwa) nichore mito kwa mkono kwenye Inkscape, programu ya kuchora, au nijikusanye ninunue Wonderdraft, programu nyingine ya ramani ambayo unalipia mara moja na haihitaji intaneti? Laptopu yangu ina ramu ya GB 4. Aliyewahi kuitumia Wonderdraft kwenye mashine ndogo hivi aniambie ukweli, tafadhali.