Mastodon: mgeni aanze na programu rasmi au Tusky?

Wakuu, salama? Juzi shemeji yangu kanikabidhi simu nimwingize Mastodon, ule mtandao wa kijamii kama Twitter, ila una seva nyingi na kila seva ina mwenyewe. Nikamwachia ajaribu mwenyewe kwanza. Akapakua programu rasmi, kitufe kikubwa kikamwambia ajiunge na seva ya mastodon.social, akabonyeza. Kwisha. Mpaka leo hajui kama kuna seva nyingine. Zamani ulikuwa unawekewa orodha uchague. Huu mtindo wa kusukumiwa seva moja umekuja 2023. Sasa mtandao uliozaliwa 2016 kwa hoja kwamba hautakuwa na mwenye nyumba mmoja, mbona mlango wake wa mbele unawaingiza watu wote chumba kimoja?

Halafu programu hiyo ya rasmi ilipotoka, iPhone 2021 na Android 2022, haikuwa hata na ukurasa wa kuona majirani wa seva yako wanaandika nini. Tusky, programu ya Android ya watengenezaji wengine ya kuingilia Mastodon, ilikuwa nao tayari. Tusky pia unaizima isipakue picha mpaka uziguse, na sisi wa bando tunajua maana yake. Msimamo wangu: mgeni apewe Tusky.

— Mkuu, nakupinga. Ushamfungulia mtu Tusky mara ya kwanza? Inakupokea na kisanduku kitupu: andika seva yako. Mama mdogo aliandika jina lake la ubatizo. Akaniuliza, "Mbona inakataa, au hawanitaki?" Waliohama Twitter mwishoni mwa 2022 wengi walilalamikia swali hilohilo la seva. Mtu akikwama hapo harudi.

— Kwenye kisanduku nimekubali, umenipata. Ila Januari 2023 Twitter ilipozifungia programu za nje, waliokuwa wanatumia mojawapo, Tweetbot, walijikuta nje bila taarifa. Huku Mastodon, programu ikikuudhi unaifuta, unaingia kwa nyingine, akaunti ileile, wafuasi walewale. Uhuru huo mgeni auonje mapema.

— Kaka, hapo umejijibu mwenyewe. Kama programu inabadilishwa kama shati, basi aanze na rahisi. Mnagombania shati, suruali imechanika. Kinachouma ni seva: ukihama, wafuasi unaweza kuwahamisha, lakini ulichoandika kinabaki kulekule. Mimi nimeacha miaka miwili ya mapishi kwenye seva ya zamani, na siku mwenye seva akichoka kulipia, yamekwenda.

— Dada, pole kwa mapishi. Basi nabadilisha pendekezo: kaa na mgeni wako, fungueni akaunti kwenye kivinjari, mchague seva pamoja na msome kanuni zake. Programu aweke anayoitaka, hata hiyo rasmi.

— Sawa mkuu. Na asiye na shemeji wa kukaa naye?